Chakula cha Jana Kimeshashuka?

Mama alikuwa ameipakata bahasha ya eksirei, tayari kuitoa. Daktari hakuinyooshea mkono. Alimwita Amma, kama wanavyoitwa akina mama watu wazima huko Kerala, kusini mwa India, akamtazama usoni kwa muda, kisha akauliza kama chakula cha jana usiku kimeshashuka.

Nikatafsiri. Mama akanigeukia mimi badala ya kumjibu yeye.

"Mwambie nimekuja na magoti."

Nikamwambia. Daktari akaitikia kwa kichwa, wala swali lake hakuliacha. Basi mama akasema kimeshuka, ila si chote, tumbo bado zito. Yakafuata ya usingizi: analala saa ngapi, anaamka saa ngapi, anaamka mwenyewe au anaamshwa? Kisha likaja swali ambalo nimerudi nalo Dar es Salaam na wiki zote hizi limekataa kuniacha.

Kwenu mvua inaanza mwezi gani?

Nilidhani ni maneno ya kumtuliza mgonjwa. Nikajibu kwamba masika huingia Machi, vuli Oktoba. Akataka zaidi. Kati ya mvua hizo upepo unatoka wapi? Watu huumwa nini mvua ikianza, na huumwa nini ikikatika? Hapo mama akaninyang'anya mazungumzo. Kipupwe kikiingia, alisema, magoti hukaza na kifua hubana. Kaskazi ikivuma, usingizi haupatikani na mwili hutoka vipele vya joto. Masika ni homa na matumbo. Vuli ni mafua ya watoto. Aliuzunguka mwaka mzima namna hiyo, na daktari akaandika yote kabla hajagusa goti hata moja.

Nimeishi na mama tangu nizaliwe. Sikujua kwamba ana kalenda hiyo kichwani.

## Nusu inayokatwa

Safari za matibabu India hazihitaji maelezo, kila ukoo una aliyekwenda. Sisi tulikwenda kwa ajili ya hospitali kubwa, tukaambiwa upasuaji wa goti unaweza kusubiri, na siku zilizobaki tukapanda hadi wilaya ya Malappuram. Ndiko uliko mji wa Kottakkal, ambako P. S. Varier alianzisha Arya Vaidya Sala, kituo cha tiba ya Ayurveda, mwaka 1902, na ambako kila mtaa una mtu wa tiba hiyo ya kale ya India. Tuliyemwona sisi alikuwa na chumba kidogo tu kando ya barabara. Ana shahada yake, inayosomewa miaka mitano na nusu pamoja na mafunzo ya vitendo.

Kabla ya hapo, Ayurveda kwangu ilikuwa zile orodha zinazozunguka kwenye simu. Amka saa kumi alfajiri. Kunywa maji ya vuguvugu. Kwangua ulimi. Sukutua kwa mafuta. Jipake mafuta mwili mzima, fanya mazoezi, oga. Nilikuwa nazisoma na kuzipita.

Orodha hizo zina shina la kweli. Mwenendo wa siku unaitwa dinacharya, wa misimu ni ritucharya, na madaktari wa Kerala huutegemea sana mpangilio wa Vagbhata, mwandishi wa karibu karne ya 7, katika kitabu kiitwacho Ashtanga Hridaya. Sura ya 2 ni ya siku, ya 3 ni ya misimu, ya 4 ni ya madhara ya kuzuia haja za mwili. Zimewekwa mwanzoni kabisa. Tiba ya ugonjwa mmoja mmoja iko mbali huko mbele. Niliporudi nilitafuta tafsiri, nikazisoma sura hizo tatu polepole, nikirudia.

Sura ya siku inafungua hivi: mtu mwenye afya aamke katika sehemu ya mwisho ya usiku, yapata saa moja na nusu kabla jua halijachomoza, ili ayalinde maisha yake.

Agizo hilo nililijua. Sikujua kwamba limeandikiwa mwenye afya. Sikujua pia kinachofuata: kabla ya choo na mswaki, mtu autafakari mwili wake, ujue umeamkaje leo. Swali la daktari wetu kuhusu chakula cha jana mahali pake ni hapo. Hakuwa anazunguka. Alianza pale kitabu kinapoanza.

Na kuanzia hapo kila agizo linataja watu wasiohusika nalo. Piga mswaki kwa kijiti kichungu au chenye ukakasi, lakini si wewe ambaye chakula hakijashuka, wala anayetapika, wala mwenye homa, kikohozi au vidonda vya mdomo. Jipake mafuta kila siku, zaidi kichwani, masikioni na kwenye nyayo, lakini si wewe uliyejaa makohozi. Fanya mazoezi, lakini si mtoto mdogo wala mzee. Oga, lakini si anayeharisha, si mwenye mafua makali, si aliyetoka kula sasa hivi.

Orodha za kwenye simu huchukua nusu ya kwanza ya kila sentensi na kuitupa ya pili.

Mazoezi ndiyo yaliyonisimamisha. Kitabu kinasema mwenye nguvu, tena anayekula vyakula vyenye mafuta, afanye mpaka nusu ya uwezo wake, na hiyo ni wakati wa baridi na wa machipuo. Misimu mingine afanye pungufu ya hapo. Nusu hiyo ina dalili zake: jasho kwenye paji la uso, puani na kwapani, mdomo kukauka, pumzi kuanza kutokea mdomoni. Ukifika hapo, acha. Anayezidisha mazoezi, kukesha, safari, hata kucheka na kusema, huangamia kama simba aliyejaribu kumburuta tembo.

Simba ana nguvu, hakuna anayebisha. Kinachomuua ni kutojua tembo ana uzito gani.

Nilikaa sana na sentensi hiyo, kwa sababu mahubiri yote ya afya ninayoyasikia mjini kwetu yanasema kinyume chake: jitume, usiache siku hata moja, maumivu ni udhaifu unaotoka. Mimi mwenyewe ningependa mtu amwambie mama kwamba nusu inatosha.

## Saa kumi ya nani?

Lakini shaka ilinipanda hapo hapo, na sijaimaliza.

Mama ameamka saa tisa za usiku kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Alikuwa anauza vitumbua. Mchele umelowekwa tangu jana, umesagwa, unga umeumuka. Mkaa uwashwe, mafuta yachemke, sahani zipangwe kabla makondakta na vibarua hawajapita. Alikaa juu ya kigoda, magoti yamekunjwa, uso kwenye moto, mpaka jua linapanda. Usiku alilala saa tano, akishamaliza kutuhudumia. Agizo la kuamka kabla ya jua ili kuyalinda maisha alilitimiza kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Maisha aliyoyalinda yalikuwa ya kwetu, na magoti ndiyo yaliyolipa.

Ukisoma sura ya siku kwa jicho hilo, utauliza: anayeamka, akajipaka mafuta, akakandwa, akaoga maji ya moto, akavaa nguo safi na kwenda taratibu, nani amemchemshia hayo maji? Nani alikamua ufuta? Nani aliamka kabla yake?

Kitabu hakisemi. Mtu wa sura hiyo ana watumishi, hata kama hawatajwi.

Kilichonishtua zaidi ni sura ya 4. Charaka, mwandishi wa kale zaidi, naye ana sura yake juu ya jambo hili, na anahesabu haja 13 ambazo mtu asizizuie: mkojo, kinyesi, shahawa, upepo wa tumbo, kutapika, kupiga chafya, kucheua, kupiga miayo, njaa, kiu, machozi, usingizi, na kuhema baada ya kazi nzito. Kuzuia mkojo, wanasema, kunaleta maumivu ya kibofu na vijiwe. Nilimsomea mama orodha hiyo jikoni. Alinyamaza kidogo, kisha akasema pale alipokuwa anauzia hapakuwa na choo. Alijifunza kutokunywa maji tangu asubuhi mpaka adhuhuri.

Miaka mingapi? Hakunijibu, na mimi sikurudia.

Tangu hapo siwezi kulisikia neno "kinga" bila kufikiria choo cha sokoni. Wanawake wangapi wanaotuuzia chai na chapati asubuhi hii wamejinyima maji? Unaweza kumpa mama ntilie glasi ya maji ya vuguvugu yenye ndimu, na ushauri mzuri wa kuinywa. Atakwenda kuyatoa wapi?

Nilimweleza haya mdogo wangu, akaniambia basi hizo ni taratibu za matajiri, tuziache. Sikukubaliana naye, ingawa ilinichukua muda kujua kwa nini. Mama tayari ana nyingi kati yake, na hakuzipata kwa kuwa na nafasi. Huamka kwa adhana. Husukutua na kuvuta maji puani katika udhu, akafikisha maji mpaka kwenye viwiko na vifundo vya miguu. Mswaki wa kijiti aliukuta kwao. (Sushruta, daktari mwingine wa kale wa India, aliusifu mwarobaini kuwa bora kati ya miti michungu ya kupigia mswaki, na mwarobaini tunao kila ua.) Hata kanuni ya tumbo aliitambua: Vagbhata anataka nusu ya tumbo iwe chakula, robo kinywaji, robo ibaki wazi kwa hewa. Mama akanikumbusha hadithi ya Mtume, theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi.

Sisemi ni kitu kimoja. Udhu ni ibada, na makusudio yake mama anayajua vizuri kuliko mimi. Ninachosema ni kwamba maskini naye ana mpangilio wa siku yake. Anachokosa mara nyingi ni uhuru wa kuulinda.

## Mwezi wa mvua

Tulifikia nyumba ya mwanamke mmoja tuliyekuwa tukimwita Chechi, yaani dada mkubwa, kama alivyotuelekeza. Ulikuwa mwezi wa Karkidakam, wa mwisho katika kalenda ya Kimalayalam, kuanzia katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti. Mvua ilikuwa hainyeshi kwa vipindi. Ilikuwa ipo tu. Nguo hazikauki, kuta zinatoa unyevu, mtu unataka kulala mchana, na kitabu kinasema msimu huo usilale mchana.

Hoja yao ni hii. Jua la kiangazi limeunyonya mwili, umebaki dhaifu. Mvua inapoanguka, mvuke unapanda ardhini, maji yanachafuka, na moto wa tumbo, agni, ambao tayari ni mdogo, unazidi kufifia. Kwa hiyo mtu ale kidogo, chenye moto, kilichopikwa kwa nafaka kuukuu zilizokwisha kukaa ghalani, na supu. Anywe maji yaliyochemshwa. Aepuke maji ya mto. Avae nguo kavu. Asijichoshe.

Kila asubuhi Chechi alipika uji wa dawa. Mchele ni njavara, mpunga unaokomaa kwa muda wa siku 60 hivi, ambao madaktari hao hao huuchemsha pia kwa maziwa na mitishamba, wakaufunga kwenye vitambaa na kumkandia mgonjwa. Ndani ya uji kulikuwa na uwatu, bizari nyembamba, tui la nazi na sukari guru. Mama alionja, akataja kiungo kimoja kimoja bila kuuliza. Uwatu na tui havikumpa shida. Ndivyo alivyolishwa yeye alipojifungua.

Mchana ilikuja mboga ya majani kumi: ya maboga, ya majimbi, mchicha, na mengine yanayojiotea tu pembezoni mwa ukuta. Mama akauliza mbona majani ya mlonge hayamo, na mti upo pale nje. Chechi akasema mwezi huu hayaliwi. Mwezi ujao, ndiyo. Mwezi huu, hapana.

Nilikumbuka matangazo ya unga wa mlonge kwetu: kijiko kimoja, asubuhi na jioni, siku zote 365. Sijui kama mlonge una madhara yoyote mvua ikinyesha, na sina ushahidi wa kumpa mtu. Kilichonigusa ni kwamba huko ulikotumika kwa vizazi vingi umewekewa msimu wake, na kwetu umefika bila msimu.

Jioni moja nilimwambia Chechi kwamba ni mwezi mzuri. Akaniangalia kwa mshangao. Bibi yake, alisema, aliuita mwezi wa njaa. Mvua ilizuia kazi za mashambani, kibarua hakuna, mchele wa mwaka jana umekwisha, na mavuno ya Chingam, mwezi unaofuata, hayajafika. Watu walikula majani kwa sababu yalikuwepo. Walipumzika kwa sababu hapakuwa na kazi. Siku hizi uji huo unauzwa madukani umepakiwa kwenye maboksi, na watu wa mbali huja kukandwa kwa wiki nzima, lakini mwezi wenyewe umetoka huko.

Sikupata usingizi mapema usiku ule. Nilikuwa nimefika Kerala nikidhani ritucharya ilishuka kutoka kwenye kitabu kwenda kwa watu. Pale nilianza kuona na njia ya pili. Watu walikuwa na mwezi mgumu, wakatazama walicho nacho, majani ya ukutani, mpunga wa haraka, mikono ya kukandana, wakaupa mwezi huo taratibu inayowavusha mpaka mavuno. Kitabu kiliwapa maneno ya kuieleza. Kuvuka walivuka wenyewe.

## Upepo mmoja

Misimu ya Vagbhata ni sita, kila mmoja miezi miwili: mwisho wa baridi, machipuo, kiangazi, mvua, kipindi cha baada ya mvua, na mwanzo wa baridi. Jua likielekea kaskazini linanyonya nguvu za viumbe, likielekea kusini linazirudisha. Kwa hiyo mtu ni dhaifu zaidi kiangazi na wakati wa mvua, na ana nguvu zaidi kwenye baridi, ambapo moto wa tumbo nao huwaka kuliko wakati wote.

Nikajaribu kuiweka Dar es Salaam ndani ya hesabu hiyo. Haikuingia.

Kwao safari ya jua kwenda kaskazini inaishia kwenye joto kali. Kwetu safari hiyo hiyo, Desemba hadi Juni, inaanzia kwenye joto la kaskazi, inapita katikati ya masika, na inaishia kwenye kipupwe, watu wakijifunika shuka. Mvua zetu ni mbili. Baridi ya kuwasha moto ndani ya nyumba hatuijui. Nikifuata majina ya miezi kama yalivyo kwenye zile orodha, nitakuwa nakula chakula cha baridi wakati jasho linanitoka.

Tena upepo wenyewe ni mmoja. Kusi inayotupoza Juni ikipita Kilwa, Unguja na Lamu, inavuka ikweta, inapinda kandokando ya Somalia, inachukua unyevu wa bahari na kwenda kuupiga ukuta wa milima ya Kerala. Mvua ya kwanza huwafikia karibu na tarehe 1 Juni. Upepo unaotufungulia kipupwe kikavu ndio unaowafungulia wao msimu wa matumbo dhaifu. Mababu zetu waliusafiria na majahazi wakijua hivyo.

Nilimuuliza daktari kabla hatujaondoka. Hata Kerala, alijibu, hatuna baridi iliyoandikwa humo. Kitabu kinazungumza na nchi yenye misimu yake, na sisi hapa tuna mvua mbili kama nyinyi, ya Juni na ya Oktoba. Tunafuata dalili, hatufuati jina la mwezi. Ndiyo maana nilimuuliza Amma mvua yenu.

Hapo swali lake lilikaa sawa kichwani mwangu. Hakuwa na kalenda ya kumpa mama. Alikuwa anaitafuta ya kwake.

Nimechukua sura ya mvua nikaisoma upya kama sura ya masika, Machi hadi Mei, na imenifaa mahali nisipotarajia. Chemsha maji. Kaa mbali na maji ya mto. Aliyeishi Dar es Salaam wakati mitaro inafurika na vyoo vinatapika mitaani hahitaji kufundishwa kwa nini. Wao wanasema ni udhaifu wa agni na kuchafuka kwa vata, upepo wa mwilini. Sisi tunajua kipindupindu kinasababishwa na bakteria waliomo kwenye maji yenye kinyesi. Sababu zimetofautiana, sufuria ni ile ile jikoni. Kwa kipindi cha baada ya mvua wanasifu maji yaliyopigwa na jua mchana, yakapoozwa na mwezi usiku, na kusafishwa na kuchomoza kwa nyota ya Agastya. Ndiyo nyota ambayo mabaharia wa pwani yetu wanaiita Suheli. Maji hayo bado nitayachemsha, lakini nimefurahi kujua kwamba tumekuwa tukiitazama nyota moja.

## Ninachokiogopa

Mama ana presha. Sura ya mvua inasifu chumvi na uchachu, hasa siku za upepo na mvua nyingi. Mtu mwenye presha akifuata hilo kutoka kwenye simu, anaweza kujiua polepole akiamini anajikinga. Daktari wetu alikuwa wazi: chumvi ipunguzwe misimu yote, vidonge visiachwe hata siku moja, na kitakachoongezwa chochote aambiwe daktari wake wa nyumbani. Nimekutana na wengine, huko na hapa kwetu, ambao wasingesema hivyo.

Naogopa pia chupa na vifuko. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani, wakiongozwa na Robert Saper, walipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani eneo la Boston. 14 zilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2021 madaktari wa Mumbai walieleza wagonjwa walioumia ini baada ya kutumia mmea wa giloi wakati wa korona, na wizara ya tiba za asili ya India ikapinga. Mimi nimechukua msimamo wa nyumba yangu: taratibu tutazichukua, unga usiojulikana umetoka wapi hautaingia. Chechi hakuninunulia boksi. Alinipa mbegu za uwatu mkononi.

Wengine wananiuliza kama sayansi imethibitisha. Mwaka 2017 Nobel ya tiba walipewa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young kwa kuonyesha jinsi seli zinavyoendesha saa ya mwili ya mchana na usiku. Basi mwili unajua wakati, hilo halina ubishi. Halithibitishi mafuta masikioni wala njavara. Kila jambo lipimwe kivyake, na mengi bado hayajapimwa vya kutosha.

## Robo kwa robo

Kanuni moja imeingia nyumbani na kukaa, nayo ni ya kubadilika taratibu. Siku saba za mwisho za msimu unaotoka na saba za kwanza za unaoingia ni kiungo. Mtu aache ya zamani kidogo kidogo na kuanza mapya kidogo kidogo. Mazoea mabaya nayo yaachwe kwa robo: ondoa robo, mwili utulie, kisha ondoa nyingine. Anayekata kwa ghafla, wanasema, anajiletea ugonjwa mpya.

Tulianza na chakula cha usiku, kwa sababu ndicho alichoulizwa. Kwetu hakikuwa kinaliwa kabla ya saa tatu na nusu. Watu wanasubiriana, foleni za jioni hazina huruma, na mama hakuwahi kukubali kula kabla wanawe hawajafika. Hilo ndilo lililokuwa gumu, kuliko chumvi, kuliko sukari ya chai. Tumeusogeza muda kidogo kidogo. Sasa mama anakula baada ya magharibi, na sisi tunaochelewa tunamkuta ameketi nasi bila sahani. Mara ya kwanza alisema anajiona mgeni ndani ya nyumba yake. Niliumia kusikia. Nilijiuliza kama tumbo jepesi linastahili gharama hiyo, na tukakubaliana Ijumaa tule wote pamoja, hata kama ni saa nne.

Magoti hayajapona. Upasuaji unaweza kuja bado. Asubuhi anayakanda kwa mafuta ya ufuta ya vuguvugu, na asubuhi ambayo tumbo zito anayaacha, bila mtu kumwambia.

Na ile kalenda yake nimeanza kuiandika. Nimenunua daftari, nimeligawa kwa pepo na mvua: kaskazi, masika, kusi na kipupwe chake, vuli. Chini ya kila moja naandika mama anavyosema mwili huwaje, kilicholiwa kwao, kilichokatazwa, na nani alikikataza. Ukurasa wa kusi una mapengo mengi, kwa sababu bibi aliyejua alikwisha kufariki.

Kwa hiyo nawaomba. Kama una mzee Pemba, Mafia, Tanga, Lamu au Kilwa, muulize mambo matatu na uniandikie alivyojibu, kwa maneno yake: masika ikiingia mlikuwa mnaacha kula nini? Kipupwe mlijipaka mafuta gani? Na mtu akiamka asubuhi, wa kwanza kumuuliza hali alimuuliza nini?